Kuiongoza Timu Inayoyumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya yeyote aliyekabidhiwa timu inayofungwa kila wiki, awe mwalimu wa michezo shuleni, kocha wa timu ya mtaa, au mkuu wa idara ambaye watu wake wamekata tamaa. Mifano mikuu ni miwili: Leicester City ya Uingereza katika msimu wa 2015/16, na timu ya taifa ya Côte d'Ivoire katika Fainali za Mataifa ya Afrika zilizochezwa Januari na Februari 2024. Panapofaa tunaitazama pia Taifa Stars ya Tanzania. Mifano hii ina jambo moja linalonigusa sana, nalo ni kwamba waliofedheheka na walioshangiliwa walikuwa, kwa sehemu kubwa, wachezaji walewale.

Timu inayoyumba ina tofauti gani na timu dhaifu?

Timu dhaifu haina uwezo, ilhali timu inayoyumba inao lakini hautoki. Tofauti hii ina uzito mkubwa, kwa sababu kocha anayeamini kwamba timu yake ni dhaifu atatafuta wachezaji wapya, wakati yule anayetambua kwamba inayumba atatafuta kitu kinachowazuia wale alionao.

Tazama Leicester kabla ya Claudio Ranieri kufika. Katika msimu wa 2014/15, wakiwa chini ya Nigel Pearson, walicheza mechi 29 wakapata pointi 19 tu, na walikuwa wakiburuza mkia wa Ligi Kuu ya Uingereza. Katika mechi tisa zilizobaki walishinda saba, wakatoka sare moja, wakafungwa moja, na kumaliza katika nafasi ya 14 wakiwa na pointi 41. Miguu iliyokusanya pointi 19 katika miezi saba ndiyo iliyokusanya 22 katika wiki chache. Uwezo haukununuliwa mwezi Aprili. Ulikuwapo tangu mwanzo.

Dalili za timu inayoyumba huonekana kwa jicho la kawaida ikiwa kocha atakuwa na subira ya kutazama. Wachezaji hucheza vizuri mazoezini lakini huganda siku ya mechi. Bao la kwanza la kufungwa huleta la pili ndani ya dakika chache. Kila anayepewa mpira hutaka kuuondoa miguuni mwake upesi, kana kwamba unamuunguza, na baada ya mechi hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Timu dhaifu haina mambo hayo: hufungwa kwa utaratibu, mechi baada ya mechi, hata ikicheza kwa moyo wote.

Je, kocha mpya aanze kwa kubadilisha kila kitu ili wachezaji waone kwamba enzi mpya imeanza?

Hapana. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, na mimi mwenyewe nimelifanya. Nilipokabidhiwa timu ya shule moja ya sekondari iliyokuwa imepoteza karibu kila mechi, katika wiki ya kwanza nilibadilisha mfumo wa uchezaji, siku za mazoezi na nahodha, nikiamini kwamba naonyesha uthabiti. Ilinichukua nusu muhula kugundua kwamba yule nahodha niliyemwondoa ndiye aliyekuwa akiwapitia wenzake bwenini kila jioni kuwahimiza waje mazoezini, na kwamba mahudhurio yalikuwa yameanza kupungua tangu siku niliyomvua kitambaa. Nilimrudishia mbele ya wenzake na kuwaeleza kwamba nilikuwa nimekosea. Tangu wakati huo sikuwahi tena kuondoa kitu katika timu kabla ya kujua kilikuwa kinafanya kazi gani.

Ranieri alitangazwa kuwa kocha wa Leicester tarehe 13 Julai 2015, na wengi walishangaa, kwani Novemba 2014 alikuwa ameachishwa kazi na timu ya taifa ya Ugiriki baada ya kufungwa nyumbani bao 1-0 na Visiwa vya Faroe. Mtu aliyewahi kufundisha Chelsea, Juventus, Roma na Monaco, tena akiwa na jeraha bichi la namna hiyo, angeweza kuingia na madaftari yake na kuanza kuithibitishia dunia kwamba anajua mpira. Badala yake aliwabakiza wasaidizi aliowakuta, akiwamo Craig Shakespeare aliyekuwa karibu na wachezaji na Steve Walsh aliyekuwa akisaka vipaji. Alieleza baadaye kwamba aliwaona wachezaji wakiwa na hofu ya mbinu za Kiitaliano, hivyo akawaambia kwamba anawaamini na kwamba mambo ya mbinu atayazungumza kwa uchache.

Si kweli kwamba hakubadilisha chochote. Pearson alikuwa amemaliza msimu akitumia mabeki watatu wa kati. Ranieri alirejesha safu ya mabeki wanne na kucheza 4-4-2 ya kizamani, yaani mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili, mfumo ambao makocha wengi wakubwa walikuwa wameuacha. Jambo ambalo hakuligusa ni roho ya timu, yaani kasi, mpira wa moja kwa moja kwenda mbele, na mshambuliaji Jamie Vardy akikimbilia nyuma ya mabeki. Leicester ilikuwa miongoni mwa timu zilizomiliki mpira kwa kiwango cha chini kabisa katika ligi ile, na bado ikaimaliza ikiwa na pointi 81, kumi zaidi ya Arsenal waliokuwa wa pili.

Nini hasa kiliikuta Côte d'Ivoire mwaka 2024, na kwa nini kisa hicho hutajwa sana?

Kwa sababu sijui kisa kingine cha karibuni ambamo timu moja ilishuka hivyo na kupanda hivyo ndani ya mwezi mmoja, mbele ya watu wake yenyewe.

Wenyeji walianza tarehe 13 Januari kwa kuifunga Guinea-Bissau 2-0. Kisha walifungwa na Nigeria 1-0. Tarehe 22 Januari, katika Uwanja wa Ebimpé jijini Abidjan, walifungwa na Guinea ya Ikweta mabao 4-0. Ilikuwa aibu ambayo mashabiki hawakuificha. Watu walilia uwanjani. Kocha Mfaransa, Jean-Louis Gasset, aliondoka siku mbili baadaye, huku timu ikiwa na pointi tatu na ikisubiri matokeo ya wengine ili ijue kama itaingia hatua ya 16 bora miongoni mwa timu nne bora zilizoshika nafasi ya tatu. Moroko ilipoifunga Zambia 1-0, mlango ukafunguka. Shirikisho la soka la Côte d'Ivoire liliomba kumwazima kocha Hervé Renard, aliyewapa Wacôte d'Ivoire kombe mwaka 2015 na ambaye wakati huo alikuwa akifundisha timu ya wanawake ya Ufaransa, lakini Wafaransa wakakataa. Hivyo kazi ikabaki kwa msaidizi, Emerse Faé, ambaye siku ile ya tarehe 24 Januari alikuwa anatimiza miaka 40 na ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya wakubwa.

Yaliyofuata yanajulikana, lakini ni vyema kuyapanga kwa utaratibu, maana somo limo katika mpangilio wake. Tarehe 29 Januari huko Yamoussoukro, Senegali waliokuwa mabingwa watetezi walifunga dakika ya nne. Franck Kessié akasawazisha kwa penalti dakika ya 86, na Côte d'Ivoire ikashinda kwa mikwaju 5-4. Tarehe 3 Februari huko Bouaké, dhidi ya Mali, kipa Yahia Fofana aliokoa penalti, Odilon Kossounou akatolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na Mali wakatangulia kufunga. Simon Adingra akasawazisha dakika ya 90, na Oumar Diakité akafunga la pili katika sekunde za mwisho za muda wa nyongeza. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafungwa 1-0 katika nusu fainali kwa bao la Sébastien Haller. Tarehe 11 Februari, katika uwanja uleule wa aibu ya mabao manne, Nigeria walitangulia katika fainali. Kessié akasawazisha, kisha Haller akafunga la ushindi dakika ya 81. Pasi zote mbili za mabao zilitoka kwa Adingra.

Sasa Faé alibadilisha nini, kama wachezaji walikuwa walewale?

Naomba msomaji avumilie hapa, kwa kuwa ndipo penye kiini cha suala zima.

Kwanza, Faé hakuhitaji muda wa kuwajua wachezaji. Alikuwa kwenye benchi lile wakati wa mabao manne, akala nao na kusafiri nao, na yeye mwenyewe aliwahi kuvaa jezi ya timu ile ya taifa. Jeraha lao lilikuwa lake pia. Kiongozi wa aina hii anapowaambia watu kwamba mambo yatakuwa mazuri, hawamsikii kama mgeni anayewafariji.

Pili, alikuwa na ujasiri wa kugusa majina makubwa bila kuwadhalilisha wenye majina hayo. Dhidi ya Senegali, Kessié, mmoja wa wachezaji wenye uzoefu mkubwa kikosini, alianzia benchi. Aliingia kipindi cha pili, akabeba penalti ya dakika ya 86 na baadaye mkwaju wa mwisho ulioipeleka timu robo fainali. Hapo pana mambo mawili yaliyokwenda pamoja: kocha alimweka nje, na kocha alimwamini tena ndani ya dakika zilezile za hatari. Makocha wengi huweza kufanya la kwanza. La pili huwashinda, kwa sababu wakishamweka mtu benchi huona aibu kumrudisha, kana kwamba kumrudisha ni kukiri kosa.

Tatu, timu ilikuwa imekwisha kuonja kile ilichokuwa ikikiogopa. Kabla ya tarehe 22 Januari wachezaji wale walikuwa wakicheza chini ya mzigo wa nchi nzima iliyojenga viwanja na kusubiri kombe nyumbani. Baada ya mabao manne, wengi waliwahesabu kama waliokwisha kutolewa. Faé alikuta watu ambao hawakuwa tena na cha kupoteza, na akaitunza hali hiyo badala ya kuwarudishia mzigo uleule kwa hotuba za taifa na heshima ya bendera. Huo ni usomaji wangu wa mambo, na nausimamia: timu inayotanguliwa kufungwa mara tatu katika mechi nne za mtoano na kurudi kila mara haichezi kwa hofu.

Bahati ina nafasi gani katika haya yote?

Kubwa. Moroko isingeifunga Zambia, Faé asingekuwa na mechi ya kuongoza. Kiongozi anayesimulia mafanikio yake bila kutaja bahati huwapotosha wanaomfuata, kwa kuwa watajilaumu bure siku watakapofanya yote sawasawa na bado wafungwe.

Lengo liwe kubwa kiasi gani?

Liwe dogo kiasi cha kuonekana kwa macho. Ranieri aliwaambia watu wa Leicester, na akaendelea kuviambia vyombo vya habari hata timu ilipokuwa ikiongoza ligi, kwamba lengo ni pointi 40, idadi inayodhaniwa kutosha kumwokoa mtu asishuke daraja. Walizifikia baada ya mechi 20 tu, mwanzoni mwa Januari 2016. Hapo ndipo alipoanza kutaja lengo linalofuata, kidogo kidogo, na neno ubingwa alilikwepa kwa miezi mingi.

Timu iliyozoea kufungwa ikiambiwa kwamba itakuwa bingwa, maneno hayo hayashiki mahali popote moyoni, na kocha huonekana ama hajui hali ilivyo au hasemi kweli. Ikiambiwa kwamba Jumamosi isiruhusu bao katika dakika 20 za kwanza, kila mchezaji anajua la kufanya na anajua saa ngapi atakuwa amelifanikisha. Dakika 20 zikipita salama, kumbe linawezekana. Nimeona vijana wakibadilika sura kwa jambo dogo kama hilo.

Je, zawadi husaidia, au huwaharibu wachezaji?

Inategemea unazawadia nini. Leicester walicheza mechi tisa za kwanza za msimu ule bila kumaliza hata moja pasipo kuruhusu bao, ingawa walikuwa wakishinda. Ranieri akaahidi kwamba siku wasipofungwa atawanunulia piza. Tarehe 24 Oktoba 2015 waliifunga Crystal Palace 1-0, na ahadi ikatimizwa, lakini walipofika katika mgahawa aliwaambia kwamba piza hiyo wataikanda na kuioka wenyewe, kwa kuwa kila kitu hufanyiwa kazi. Hadi mwisho wa msimu walikuwa wamemaliza mechi 15 bila kufungwa bao.

Zawadi yenyewe ilikuwa kitu cha bei ndogo kwa watu wenye mishahara ile. Thamani yake ilikuwa katika mambo matatu: ilielekezwa kwa kazi ya ulinzi ambayo kwa kawaida haishangiliwi, ilikuwa ya timu nzima bila kumtenga mfungaji, na iliwakalisha watu meza moja. Katika timu zetu za mitaani mfadhili hupenda kumpa fedha mkononi aliyefunga bao. Ninamwomba kila mfadhili anayesoma hapa aache tabia hiyo, kwa sababu wiki inayofuata winga hatatoa pasi. Anunue mchele na nyama, wapikiwe wote, na yule beki aliyezuia mipira mitano apakuliwe kwanza.

Nidhamu ianze lini, na je, nyota wa timu naye asiguswe?

Ianze siku ya kwanza, na nyota awe wa kwanza kuiona. Emmanuel Amunike, Mnigeria aliyepewa Taifa Stars mwaka 2018, aliwaondoa kikosini wachezaji kadhaa wenye majina kwa kuchelewa kuripoti kambini, tena kabla ya mechi yake ya kwanza ya kufuzu dhidi ya Uganda mjini Kampala. Alilaumiwa sana. Mechi ile ilimalizika 0-0, na baadhi ya walioachwa walirejeshwa baadaye. Sehemu hii ya pili ndiyo inayosahaulika: adhabu ilikuwa na mwisho. Adhabu isiyo na mwisho huzaa kundi la manung'uniko nje ya kambi, na kundi hilo lina ndugu na marafiki ndani ya kambi.

Baada ya kufungwa vibaya, kocha afanye nini?

Ranieri alifungwa mara tatu tu katika ligi msimu ule, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa na Arsenal. Alizipokea kwa njia mbili zisizofanana.

Mara ya kwanza, Septemba 2015, Leicester walifungwa nyumbani 5-2. Tatizo lilikuwa la kiufundi na lilionekana, kwani timu ilikuwa ikishambulia na kuacha mapengo pembeni. Katika mechi iliyofuata aliwabadilisha mabeki wote wawili wa pembeni, akawaingiza Danny Simpson na Christian Fuchs, na hao wakabaki hapo hadi kombe likaja. Hakufanya mkutano wa kulaumiana. Alirekebisha.

Mara ya pili, tarehe 14 Februari 2016, Leicester walikuwa wakiongoza, wakabaki wachezaji kumi baada ya Simpson kutolewa, wakasawazishiwa, kisha wakafungwa na Danny Welbeck katika dakika za majeruhi, 2-1. Arsenal walisherehekea kana kwamba ubingwa umekwisha kupatikana. Hapakuwa na kosa la kiufundi la kurekebisha. Palikuwa na watu waliochoka na kuumia moyoni. Ranieri akawapa mapumziko ya wiki nzima. Mtu anaweza kuuliza ni nani humpa likizo mfanyakazi aliyetoka kushindwa, naye akiwa anaongoza mbio kwa pointi mbili tu. Jibu ni kwamba yeye alikuwa na mazoea hayo tangu mwanzo wa msimu, akiwapa wachezaji siku mbili za mapumziko kila wiki, kwa imani kwamba mpira wa kasi kama wao hauchezwi na miguu iliyochoka. Waliporudi hawakufungwa tena katika ligi hadi msimu ulipomalizika, na kati ya Machi na Aprili walishinda mechi nne mfululizo kwa bao 1-0.

Swali la kwanza baada ya kufungwa, kwa hiyo, ni hili: tumefungwa kwa sababu ya kitu ninachoweza kukirekebisha mazoezini Jumanne, au tumefungwa kwa sababu watu wamechoka? Kocha anayejibu kila kipigo kwa kuwakimbiza wachezaji mizunguko 20 ya uwanja hajajiuliza swali hilo.

Msaidizi ana nafasi gani? Mimi ni kocha msaidizi na sipewi nafasi ya kusema.

Pole, ndugu yangu. Hali yako ni ya wengi, na mifano yetu yote inaonyesha hasara yake. Leicester walimpata kiungo N'Golo Kanté kutoka klabu ya Caen ya Ufaransa kwa sababu Steve Walsh hakuchoka kumtaja, na Ranieri, ambaye hakuwa na haraka ya kushawishika, alikuwa na unyenyekevu wa kumsikiliza mtu aliyekuwa chini yake.

Mwezi uleule ambao Faé alikabidhiwa Côte d'Ivoire, jambo linalofanana na hilo lilitokea kwa Taifa Stars katika mashindano yaleyale. Baada ya kufungwa na Moroko 3-0, kocha Adel Amrouche alifungiwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF) kwa kauli alizozitoa kuhusu Moroko, na timu ikakabidhiwa kwa Hemed Suleiman akisaidiwa na Juma Mgunda. Watanzania hao wawili walikuwa na siku chache tu. Taifa Stars ikatoka sare ya 1-1 na Zambia, ikiwa imeongoza kwa bao la Simon Msuva hadi Patson Daka aliposawazisha dakika za mwisho, kisha 0-0 na Kongo ambao baadaye walifika nusu fainali. Tulitolewa, lakini timu haikusambaratika, na Novemba 2024 Hemed Suleiman aliiongoza kuifunga Guinea 1-0 jijini Dar es Salaam na kufuzu tena.

Ushauri wangu kwako ni kwamba uandike. Weka daftari la kila mazoezi na kila mechi: nani alichoka dakika gani, nani huelewana na nani, nani hunyamaza akikemewa na nani huamka. Siku utakayopewa timu kwa ghafla, kama wanavyopewa wasaidizi wengi, daftari hilo litakuwa mtaji wako.

Kumfukuza kocha ndiyo dawa?

Côte d'Ivoire ilibadilisha kocha ikatwaa kombe, na viongozi wengi wa vilabu wangependa hadithi iishie hapo. Lakini Leicester walimbakiza Pearson walipokuwa mkiani, na bila uvumilivu huo wangeshuka daraja Mei 2015, wala pasingekuwa na ubingwa wa kusimulia. Aliondoka baada ya msimu kumalizika, si katikati ya moto. Ninachokiona ni kwamba mabadiliko husaidia pale wachezaji walipokwisha kuacha kumsikiliza kocha, na hudhuru pale wanapokuwa bado naye lakini matokeo ndiyo yamechelewa. Kamati ya utendaji isiyohudhuria mazoezi haina njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili linaloendelea.

Mafanikio yakishapatikana, yanadumu?

Mara nyingi hapana, na viongozi waambiwe ukweli huu mapema. Leicester walitawazwa tarehe 2 Mei 2016, Chelsea na Tottenham walipotoka sare ya 2-2. Kanté akauzwa Chelsea majira yaleyale ya joto. Tarehe 23 Februari 2017 Ranieri aliachishwa kazi, timu ikiwa pointi moja juu ya eneo la kushuka daraja. Amunike naye aliipeleka Taifa Stars katika Fainali za Mataifa ya Afrika nchini Misri mwaka 2019, mara ya kwanza tangu 1980, baada ya ushindi wa 3-0 dhidi ya Uganda tarehe 24 Machi ambao aliyekuwapo uwanjani Dar es Salaam siku ile hatausahau. Timu ikafungwa mechi zote tatu za kundi na yeye akaondoka.

Sioni kwamba kazi yao ilibatilika kwa sababu hiyo. Ila njia iliyoitoa timu shimoni huwa haitoshi kuibakiza juu. Mpinzani aliyekudharau huanza kukusoma. Leicester walipokuwa mabingwa, timu nyingi ziliacha kupanda mbele, hivyo Vardy hakuachiwa tena uwanja wa kukimbilia. Na mchezaji aliyekubali kukimbia kwa ajili ya kuokoka huhitaji sababu nyingine ya kukimbia akishashiba. Sababu hiyo kocha aitafute wakati sherehe bado zinaendelea.

Haya yanafaa ofisini au katika chama cha akina mama cha kuweka na kukopa?

Kwa sehemu. Kuheshimu ulichokikuta, kuweka lengo linaloonekana na kumsikiliza msaidizi ni mambo yanayohama vizuri. Lakini mpira una dakika 90 na filimbi ya mwisho, ofisi haina. Mchezaji hujua matokeo ya kazi yake siku hiyohiyo, ilhali karani anaweza kufanya kazi njema mwaka mzima asione matunda yake. Kiongozi wa ofisi hana budi kuitengeneza filimbi yake, kwa mfano kwa kuwakutanisha watu kila Ijumaa na kusoma kwa sauti kilichokamilika wiki hiyo.

Sina fedha, sina uwanja mzuri, nina mipira miwili. Nianzie wapi wiki hii?

Siku mbili za kwanza usifundishe. Waache wacheze wenyewe, nawe ukae pembeni na kutazama nani anaongea, nani anasikilizwa na nani anajificha. Siku ya tatu mwite kila mmoja peke yake kwa dakika tano na umuulize nafasi anayoipenda, nafasi aliyokuwa akipangwa, na jambo moja ambalo angependa lisibadilishwe. Utashangaa kuona majibu ya swali la tatu yakifanana. Hilo wanalolitaja wengi usiliguse.

Siku ya nne chagua tatizo moja tu, lile la wazi kuliko yote, kama vile kona za wapinzani, na ulifanyie kazi kwa saa nzima kwa mipira hiyo miwili. Jumamosi, kabla ya kutoka chumba cha kubadilishia nguo, au chini ya mwembe kama chumba hakipo, usiwaambie washinde. Waambie wasifungwe kwa kona, na baada ya mechi, hata kama mmefungwa 3-0 kwa njia nyingine, zihesabuni kona zote pamoja.